Pikipiki ya Zamani Isiyotaka Kuwaka

Fungueni madaftari yenu mwandike maneno matatu: cheche, petroli, mgandamizo. Mwalimu naye ayaandike ubaoni.

Leo twasema habari za injini ya pikipiki ya zamani inayokataa kuwaka. Nimechagua BSA Bantam, iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hata 1971. Injini yake ilifuata michoro ya pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo Waingereza waliichukua baada ya vita kuwa fidia. Bantam ya kwanza ina silinda moja ya sentimeta za ujazo 123. Haina vali, na oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Ni injini nyepesi kufahamika, na hata leo wako watu wanaozitunza.

Haya, umepiga kiki mara ishirini. Jasho lakutoka, injini kimya. Hapo wengi huishika kabureta, kwa kuwa iko nje na yaonekana. Huifungua, huichokoa, mwisho hununua nyingine. Fedha imekwenda, na pikipiki haijawaka. Mimi naona afadhali kuanza na plagi, maana plagi ina habari za kukuambia.

Ifungue, utazame ncha yake. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Je, koki ya tangi imefunguliwa? Je, kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi kimeziba? Hewa isipoingia, petroli haishuki. Kisha tazama chujio, na kile kitundu chembamba ndani ya kabureta kiitwacho jeti. Na petroli iliyokaa tangini miezi mingi huharibika. Imwage, utie mpya.

Ikiwa plagi imelowa, petroli imefika, pengine imezidi. Funga koki, kausha plagi, ujaribu cheche. Irudishe plagi katika waya wake, na chuma chake kiguse silinda.

Lakini ngoja kwanza! Kila upigapo kiki, mvuke wa petroli hutoka katika tundu la plagi, na cheche moja yatosha kuuwasha. Watu wameungua mikono na uso kwa jambo hili. Fanya kazi hii nje, mbali na taa na sigara. Futa petroli iliyomwagika. Weka plagi mbali na tundu, wala usiinamishe uso wako juu yake. Usiishike kwa mkono mtupu, maana umeme wake hupiga.

Sasa piga kiki. Cheche nzuri ni ya buluu, na huisikia ikilia. Ikiwa hafifu au hakuna, jaribu plagi mpya kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Usilaumu betri upesi: Bantam nyingi hupata cheche kwa sumaku izungukayo pamoja na injini. Ondoa kifuniko utazame platini. Pikipiki ikikaa bure, platini hushika kutu nyembamba. Zisugue kwa msasa laini, uzifute kwa karatasi safi, kisha upime nafasi yake zinapoachana kabisa: karibu milimeta 0.4.

Karibu na platini kuna kondensa. Ikiharibika, platini zenyewe hutoa cheche kubwa, na plagi hupata cheche dhaifu. Kondensa ina hila moja: yaweza kuwa nzima ikiwa baridi, ikakataa kazi ikipata moto.

Tumefika mgandamizo. Rudisha plagi, ukandamize kiki kwa mkono. Yapasa ikatae kidogo. Ikishuka bila nguvu, huenda ringi za pistoni zimelika. Na katika injini ya namna hii liko jambo la siri. Pistoni ikipanda hufyonza petroli na hewa katika sanduku la chini. Ikishuka huzisukuma juu. Basi sanduku lile likivuta hewa kando, kwa sababu sili za mpira zimezeeka, petroli haipandi sawasawa. Unaweza kusafisha kabureta mwaka mzima usione faida. Kazi hii ni ya fundi, kwa kuwa injini itafunguliwa.

Sasa swali la darasa. Pikipiki yawaka vizuri asubuhi. Baada ya safari ya nusu saa inazimika, wala haiwaki mpaka ipoe. Ikiwa na moto, plagi imelowa na cheche ni dhaifu. Ikipoa, cheche ni ya buluu. Utatazama nini kwanza? Jadilianeni, kisha kila mtu aandike jibu lake kwa sentensi mbili.