Nanochembe za dhahabu
Nanochembe za dhahabu ni vipande vya dhahabu vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita 1 ni sehemu ya milioni moja ya milimita.

Dhahabu inayochimbwa katika Wilaya ya Songwe, Tanzania, ni ya njano. Nanochembe zake ndani ya maji huonekana nyekundu, kwa kuwa elektroni zake hutikiswa na mwanga, zikafyonza hasa rangi ya kijani. Chembe zikiwa kubwa zaidi, hutawanya mwanga zaidi. Gustav Mie alieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1908.

Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutumia nanochembe hizo. Kingamwili zilizopakwa juu yake hunasa protini ya kimelea, na mstari mwekundu hutokea. Bila mstari wa uhakiki, kipimo hurudiwa.