Mahindi Mabovu si Fungu la Mifugo

Katika nyumba nyingi za wakulima wetu, siku ya kupeleka mahindi mashineni huwa ni siku ya kuchagua: mahindi humwagwa katika ungo, mkono ukapita juu yake taratibu, na punje zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, au zilizogeuka rangi zikawa za kijani na kijivu, zikatengwa katika kikapu cha pembeni. Desturi hiyo ni njema, na ilimu ya sasa imeithibitisha, kwa kuwa punje chache mbovu aghalabu ndizo zibebazo sehemu kubwa ya sumu iliyomo katika gunia zima. Kosa huja baada ya hapo, pale kikapu kile, kwa nia ya kutotupa neema, kinapomwagwa mbele ya kuku, au kinaposagwa na kuchanganywa na pumba za ng'ombe wa maziwa, kwa dhana kwamba mnyama hana haja ya kuchaguliwa chakula. Dhana hiyo ni batili, na kitokacho nyumbani kwa mlango wa uani huweza kurejea kwa mlango wa mbele, kimo ndani ya kikombe.

Yafaa kwanza tupambanue baina ya kuvu na sumu yake, kwani watu wengi huvichanganya. Kuvu ni kiumbe hai, mfano wa ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Ama sumukuvu ni kemikali kali ambayo baadhi ya kuvu huitoa ndani ya nafaka. Kuvu huweza kufa kwa ukavu au kwa moto, na vumbi lake likapepetwa likaisha, ilhali sumu imesalia ndani ya punje, haionekani wala hainuki, na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Kwa hiyo si kila penye ukungu pana sumu, wala si kila punje nyeupe iliyo salama. Kuvu mashuhuri kuliko wote katika nchi zetu za joto, aitwaye kwa jina la kitaalamu Aspergillus flavus, makao yake ni udongoni. Hupeperushwa na upepo hata akafika kwenye gunzi likiwa bado shambani, akapenya kwa urahisi pale mmea ulipodhoofishwa na ukame au ulipojeruhiwa na wadudu, kisha akaendelea na kazi yake ghalani iwapo nafaka imeingizwa mbichi.

Habari za sumu ya kuvu huyu zilifunuliwa na vifo vya wanyama. Mwaka 1960, nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi ambayo wataalamu, kwa kutojua asili yake, waliyaita maradhi X ya batamzinga. Na baada ya uchunguzi ikadhihirika kwamba chanzo chake ni mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazil, ambayo yalikuwa yameota kuvu. Karibu na wakati huo huo, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, maelfu ya vifaranga vya bata waliolishwa mashudu ya karanga walikufa vivyo hivyo. Kutokana na herufi za mwanzo za jina la yule kuvu, sumu ile ikaitwa aflatoksini.

Athari yake haiwi sawa kwa kila mnyama. Bata na batamzinga ni dhaifu mno mbele yake. Kuku hustahimili zaidi, walakini hukonda, hupunguza kutaga, na chanjo wanazopewa huweza kukosa nguvu. Ng'ombe mkubwa huweza kuila kwa miezi asianguke, na hiyo ndiyo hadaa yake, maana hasara hupita polepole katika ini lililoharibika na maziwa yaliyopungua, na mfugaji akadhani ni ukosefu wa majani. Tena aflatoksini si peke yake. Katika mahindi aghalabu huwamo sumu nyingine iitwayo fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, ambayo huyeyusha ubongo wa farasi na punda na kujaza maji mapafu ya nguruwe; na iko zearalenoni, ambayo humfanya nguruwe jike aonyeshe dalili za kutaka dume pasipo wakati wake. Malisho nayo hayakusalimika: mabua yaliyolundikwa yangali na umande, na majani ya sileji yaliyoshindiliwa ovyo shimoni hata hewa ikapenya, huota kuvu wenye sumu zao.

Sasa natuje kwenye maziwa. Ng'ombe akila aflatoksini, ini lake huigeuza sehemu yake ikawa sumu ya pili, ijulikanayo kama M1, nayo hutokea katika maziwa kabla ya siku moja kwisha. Kiasi kinachovuka ni kidogo, aghalabu sehemu 1 hadi 2 katika kila 100 zilizoliwa, na kwa ng'ombe watoao maziwa mengi hufikia 6; lakini maziwa ni chakula cha mtoto, naye hunywa kila siku. Kuchemsha hakuondoi M1, kugandisha mtindi si kinga ya kutegemewa, na katika jibini hujikusanya zaidi. Ndiyo sababu kanuni ya kimataifa ya vyakula imeweka mpaka wa nusu ya mikrogramu kwa kila kilo ya maziwa, na nchi za Ulaya zikaupunguza mara kumi. Faraja iliyopo ni kwamba ng'ombe akiachishwa chakula kile, maziwa yake husafika baada ya siku chache, yapata nne.

Asiyeona uzito wa jambo hili na atazame yaliyowapata wanadamu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu; na mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 20 walipoteza maisha. Hao waliila sumu kwa wingi. Ailaye kwa kiasi kidogo, siku baada ya siku, hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na mdharau mwiba mguu huota tende.

Kinga yake haihitaji mali nyingi, ila bidii. Mahindi yavunwe mara yakomaapo, yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya ardhi tupu, yakauke hata unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise kwa dakika chache: chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Wakulima wa Kenya na Tanzania wanaweza pia kutumia Aflasafe, yaani punje za mtama zilizobebeshwa kuvu wa jamii ile ile wasio na sumu, zinazomwagwa shambani kabla mahindi hayajachanua, ili hao wawahi makao ya wenye sumu. Upo pia udongo wa bentonaiti, unaochanganywa katika chakula cha mifugo ukaishika aflatoksini tumboni. Lakini huo ni msaada tu, wala hauhalalishi mahindi mabovu, na sumu nyingine hauziwezi vilevile.

Basi ndugu mfugaji, kikapu kile cha pembeni kikishajaa, kipeleke shimoni ukifukie. Utakuwa umepoteza vibaba vichache vya mahindi, na siha ya mifugo yako, pamoja na ya watoto wanaonywa maziwa yao, itakuwa imesalimika.