Tusimwonee paka kwa makosa ya viroboto

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya rafiki mnafiki, na wanafunzi wetu huzipamba insha zao kwayo bila kukumbuka kwamba maana yake ya kwanza inahusu mdudu. Mdudu huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, kwa kuwa kwa sababu yake hukumu isiyo ya haki hutolewa kila uchao katika nyumba zetu, na anayehukumiwa hana ulimi wa kujitetea.

Chukua mfano wa Gatongora, wadi iliyomo katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Ruiru ni mji uliojulikana kwa kahawa, hata aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ikaitwa Ruiru 11. Lakini mibuni imezidi kuzipisha nyumba za kupanga, na familia nyingi sasa huishi ukuta kwa ukuta. Palipo na watu wengi, mabaki ya chakula na magunia ya mahindi, panya hawakosekani. Palipo na panya, watu hufuga paka. Na palipo na paka asiyetunzwa, viroboto hawakawii. Watoto huanza kujikuna, vipele vyekundu hutokea kwenye vifundo vya miguu, usingizi ukatoweka. Hapo wenye nyumba huketi na kukata shauri: mkosa ni paka. Wako wamtiao guniani wakaenda kumtupa kando ya barabara, na wako wamtumbukizao katika dawa ya kuogeshea ng'ombe. Rai yangu ni kwamba hukumu hizi zote mbili ni za uonevu na, fauka ya hayo, hazimwondoi kiroboto.

Hebu tumtazame mtuhumiwa halisi. Kiroboto wa paka, ambaye mara nyingi ndiye humsumbua mbwa pia, huitwa na wataalamu Ctenocephalides felis. Hana mabawa, na urefu wake ni milimita 2 au 3 tu, lakini miguu yake ya nyuma humwezesha kuruka umbali wa sentimita 30 hivi. Jike akishafyonza damu huanza kutaga katika muda wa siku moja au mbili, na aweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo huteleza, hayanati kwenye manyoya. Huanguka popote paka apitapo au alalapo: zuliani, kwenye kochi, kitandani, katika ufa wa sakafu. Huko huanguliwa mabuu wanaokimbia mwanga, na chakula chao kikuu ni kinyesi cha viroboto wazima, ambacho ni damu iliyokauka tu. Baadaye buu hujisokotea kifukofuko kinachonasa vumbi hata kisitambulikane, na humo hugeuka pupa, kisha mdudu kamili. Panapo joto na unyevu, mzunguko wote huweza kukamilika katika majuma matatu au manne.

Wataalamu hukadiria kwamba viroboto wazima walio juu ya mnyama ni kama asilimia 5 tu ya jeshi zima. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na pupa waliotapakaa nyumbani. Kwa hiyo anayemtupa paka ameondoa watano katika kila mia, akabaki na tisini na watano ndani ya nyumba yake. Isitoshe, wale watakaoangua baadaye watatafuta damu na kumkosa paka waliyemzoea. Wataielekea miguu ya nani, kama si ya watoto walalao chini na ya akina mama washindao jikoni?

Jambo hili ndilo linalofumbua kitendawili kinachowatatiza wapangaji wengi. Mtu huhamia nyumba iliyokaa tupu kwa miezi kadhaa, na siku hiyo hiyo akavamiwa na viroboto wasiohesabika. Au familia hurejea kutoka mashambani baada ya likizo ya Desemba, mlango ukifunguliwa tu, viroboto hao! Wengine hushuku mkono wa jirani au uchawi. La hasha. Kiroboto aliye katika kifukofuko huweza kungoja kwa miezi. Kinachomwamsha ni mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi ya kiumbe hai. Aliyehamia ndiye aliyebisha hodi, nao wakaitikia.

Kuna na jambo zito zaidi. Paka akiondoka, panya hutawala. Na panya naye ana viroboto wake. Mwaka wa 1898, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba viroboto ndio wanaohamisha tauni kutoka kwa panya. Mwaka wa 1903, Charles Rothschild alimpa kiroboto wa panya jina la Xenopsylla cheopis, kwa kumkumbuka Farao Cheops, baada ya kumpata katika nchi ya Sudan. Nairobi yenyewe, ikiwa bado mji mchanga, iliingiliwa na tauni mwaka wa 1902, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Huko Lushoto, Tanzania, ugonjwa huo ulizuka mwaka wa 1980 na kuwasumbua watu kwa miaka mingi. Sisemi kwamba tauni ipo Gatongora. Nasema kwamba kumtupa mlinzi wa ghala kwa sababu ya vipele vya miguu ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Hata hivyo, simtetei paka ili kiroboto adharauliwe. Paka wachanga hufyonzwa hata wakapungukiwa na damu na kufa. Paka amezapo kiroboto wakati wa kujilamba, huweza kupata tegu aitwaye Dipylidium caninum, na mtoto mdogo akimeza kiroboto huyo kwa bahati mbaya huweza kupata tegu huyo pia. Viroboto ni adui. Ninachohoji ni silaha tunazozichagua.

Silaha iliyo mbaya kuliko zote ni dawa isiyo ya paka. Wafugaji wa Kiambu wana dawa za kupe, nyingi zikiwa na saipamethrini au amitrazi, na mtu hujisemea: iwapo inamfaa fahali, itamshindaje paka? Mantiki hiyo imewaua paka wengi. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja baadhi ya sumu ambazo miili ya wanyama wengine huzivunja. Dawa ya matone ya mbwa iliyo na pamethrini nyingi ikitiwa kwa paka, huanza kutoa mate, hutetemeka, hushikwa na kifafa, na aweza kufa asipotibiwa upesi. Mafuta ya taa nayo humchoma ngozi, na akijilamba humdhuru ndani. Kitunguu na kitunguu saumu, ambavyo wengine huwalisha paka wakidhani ni tiba, huharibu chembechembe nyekundu za damu yao.

Wanafunzi wazingatie hapa kisa cha pareto. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, Kenya ndiyo iliyoongoza ulimwenguni kwa kukuza ua hilo, ambalo lina sumu ya kuua wadudu. Sumu hiyo ya asili huharibika upesi juani, na kwa hivyo wanakemia wakatafuta mfano wake usioharibika. Mwaka wa 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza pamethrini. Sifa ile ile ya kudumu iliyoifanya ipendwe mashambani ndiyo inayoifanya iwe hatari juu ya manyoya ya paka. Dawa ni dawa kwa kiasi chake na kwa mwili wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, mnyama. Amwone daktari wa mifugo, au mwenye nyumba anunue dawa iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya paka, na inayolingana na uzito na umri wake. Wanyama wote wa nyumba, paka kwa mbwa, watibiwe siku moja, na dawa irudiwe kama ilivyoelekezwa kwa muda wa miezi mitatu hivi, ili walio katika vifukofuko wanapotoka wakutane na kifo badala ya karamu. Kitana chenye meno ya karibukaribu, kikichovywa katika maji ya sabuni kila baada ya kuchana, ni msaada mkubwa usiohitaji fedha nyingi.

Pili, nyumba. Makochi yasogezwe na kufagiliwa chini yake kila siku. Taka zisiachwe pembeni, bali zichomwe au zitiwe katika maji ya sabuni. Matandiko, pamoja na kitambaa alalacho paka, yafuliwe kwa maji ya moto kila juma. Zulia litolewe nje, likung'utwe na kuanikwa juani, kwa maana mabuu hawastahimili ukavu. Nyufa za sakafu zisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha zizibwe kwa saruji. Ikilazimu kupuliza dawa ya wadudu, maelezo yake yasomwe, vyombo na chakula viondolewe, na watu na paka wasirudi mpaka ikauke. Tatu, nje. Majani makavu, magunia makuukuu na vivuli vyenye unyevu kando ya nyumba viondolewe, jua lipate kuingia.

Msomaji ataniuliza: fedha za daktari zitoke wapi, ilhali karo na kodi zangoja? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya vita hivi hupiganwa kwa ufagio, maji ya moto na jua, na hivyo havimbagui maskini. Kinachohitajika ni subira. Wengi hufagia kwa siku tatu, wakamwona kiroboto siku ya kumi, wakakata tamaa na kusema dawa ni bandia. Hawajui kwamba aliyetokea siku ya kumi alikuwa pupa siku ya kwanza.

Walimu nao wana la kufanya. Mada ya mabadiliko ya umbo la wadudu hufundishwa kwa mchoro wa kipepeo, na mwanafunzi huikariri kisha akaisahau mtihani ukiisha. Mbona asiambiwe achane manyoya ya paka juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa, aone chembe nyeusi zikitoa wekundu, na hapo ajue kwamba si vumbi bali ni damu? Mtoto aliyeliona hilo atairudisha elimu nyumbani, na huenda akamwokoa paka mmoja asitiwe guniani.

Mwisho, katika nyumba za kupanga, juhudi za mpangaji mmoja hazitoshi. Akisafisha wa chumba cha kwanza, naye wa chumba cha pili asisafishe, paka hutembea na viroboto huvuka kizingiti. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye ploti ni kimojawapo cha vidole hivyo. Anayepokea kodi kila mwezi anapaswa kuziba nyufa na kuinyunyizia dawa nyumba iliyokaa tupu kabla ya kumkabidhi mpangaji mpya ufunguo. Hilo likifanyika, paka atabaki ghalani afanye kazi aliyopewa, nasi tutalala.