Saa Nane ni Saa Ngapi? Juu ya Kusema Ukaeleweka, na Vitabu Nivipendavyo

Mlezi wa chama aliniomba niandike juu ya mawasiliano, kisha nitaje na vitabu ninavyovipenda. Nilidhani amenipa mada mbili. Nilipokaa kuandika nikaona ni moja tu, maana karibu yote ninayojua juu ya kusema kitu kikaeleweka nimeyatoa vitabuni, na yaliyobaki nimeyatoa katika ploti tunayoishi hapa Kitale.

Wacha nianze na saa.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya hapo inaingia saa moja. Hesabu hii ina akili yake. Sisi tuko karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hivyo hata mtu asiye na saa ya mkononi anaweza kutazama juu akakisia vizuri. Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Waingereza huanza hesabu yao usiku wa manane na tena adhuhuri, ndiyo sababu saa yao ya nane asubuhi ni saa mbili yetu. Tofauti ni saa sita kamili. Mtoto wa darasa la pili anajua jambo hili. Wanaolisahau ni wakubwa wanaoandika matangazo.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, kulibandikwa tangazo nje ya afisi moja ambayo sitaitaja. Lilikuwa la Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Lilisema fomu za basari zingepokelewa siku ya Jumanne, kuanzia saa 8.00 hadi saa 10.00. Mama alilisoma mwenyewe. Yeye huuza mboga sokoni, na asubuhi ndiyo biashara, basi akamshukuru Mungu kwamba ni alasiri. Siku hiyo akauza, akafunga mapema, akanawa miguu, akafika pale saa nane kasorobo akiwa na fomu yangu ndani ya bahasha. Mlango umefungwa. Askari wa lango akamwambia watu walikuwa wengi asubuhi na fomu zimeshapelekwa. Mama akamwonyesha lile tangazo ukutani. Askari akalisoma polepole, kisha akasema, "Mama, hii ni saa nane ya kizungu."

Hebu fikirini, jamani. Tangazo la Kiswahili, limeandikiwa watu wanaosoma Kiswahili, na ndani yake imefichwa saa ya kizungu! Ubaya wake ni kwamba halikuwa na dalili yoyote ya kumshtua mtu. Saa nane hadi saa kumi ni wakati wa kazi za afisi kwa hesabu zote mbili. Lau wangeandika saa 12.00, msomaji angejiuliza ni afisi gani hiyo inayopokea fomu alfajiri au magharibi, naye angeingia ndani akauliza. Lakini hapa hapakuwa na la kuuliza. Neno moja tu, "asubuhi", lingetosha. Herufi saba. Kwa kukosa herufi hizo saba nilikaa nyumbani wiki mbili na nusu karo ikitafutwa, na logarithimu walizosoma wenzangu wakati huo naziogopa mpaka leo. Wala hatukuwa peke yetu. Jirani yetu naye alifika pale saa nane na dakika kumi, akamkuta Mama amesimama.

Tangu hapo nimekuwa kama karani wa ploti. Watu huniletea barua za shule, ujumbe wa simu, hata karatasi za zahanati. Juzijuzi nyanya mmoja tunayepakana naye aliniletea dawa yake. Pakiti imeandikwa: meza moja kila saa 8. Yeye alikuwa akimeza saa nane mchana, halafu anaamshwa na mjukuu wake saa nane usiku ameze nyingine, naye analalamika usingizi umemtoka. Kwa hesabu yake alikuwa anatii kabisa! Alikuwa anameza kila ikifika saa nane. Dawa ya namna hiyo humezwa mara tatu katika saa 24, ili nguvu yake isipungue mwilini kabla ya kidonge kinachofuata. Nilirudi naye zahanati ili tusikie kwa mwenyewe, wakatupangia: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Siku hizi nikiulizwa nasema "kila baada ya saa nane". Neno "baada" ni dogo, lakini hapo ndipo dawa yote ilipolala.

Nimetaja usiku, na usiku una mambo yake. Kwa mapokeo ya Waswahili wa pwani, siku mpya huanza jua linapotua. Kwa hivyo mzee wa Mombasa au Lamu akikualika "usiku wa Ijumaa", anaweza kuwa na maana ya ule usiku ambao sisi wa bara tunauita Alhamisi usiku. Ukienda Ijumaa utakuta sufuria zinaoshwa. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja ana kalenda ya kwao. Dawa ya jambo hili niliipata katika gazeti la Taifa Leo, ambalo Mama hulinunua likiwa kuukuu kwa kilo ili afungie mboga, na mimi hulisoma kabla halijafunga sukumawiki. Waandishi wake huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mnaona? Huwezi kupotea. Ijumaa ndiyo utakayoamkia. Mtu aliyebuni msemo huo simjui, lakini ningependa kumpa mkono.

Si saa pekee. Walimu wetu wanatufundisha kila wiki kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maana mbili katika mfuko mmoja, nasi tunadhani ni vitego vya mtihani. "Juma alimpigia Ali mpira." Je, aliupiga kuelekea kwa Ali, au aliupiga kwa niaba ya Ali? Au chukueni neno moja tu: "nimewaambia". Ni nyinyi niliowaambia au ni wale? Kiranja akisimama mbele ya darasa na kusema "Nimewaambia juu ya ada ya safari", nusu ya darasa watadhani wao wameshaambiwa na nusu watadhani ni walimu walioambiwa. Kiswahili chenyewe kina dawa: "nimewaambieni". Hiyo "-ni" tunaikariri kwa sababu ya alama, kumbe iliwekwa pale ili watu wasikosane.

Sasa vitabu. Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka wa 1960. Humo ndimo tunapokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Nilikisoma kwa siku mbili, na siku ya pili sikula chakula cha jioni mpaka nilipoitwa mara tatu. Riwaya ya upelelezi inamfundisha msomaji tabia mbaya ya kuhoji kila kitu: nani kasema, alikuwa wapi, na saa ngapi hasa? Tabia hiyo ndiyo ninayoitumia nikisoma matangazo.

Cha pili ni Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka wa 1996. Mwandishi alituacha mwaka wa 2020. Mimi nakipenda kwanza kwa sababu ya ubinafsi: Kongowea Mswahili anatoka kule Tanga kumtafuta babake, na safari inamfikisha hapa Kitale. Mji wangu! Ulio na matope na mahindi na matatu zinazopiga honi, umo kitabuni. Lakini nakipenda pia kwa sababu Kiswahili chake kimenona na bado hupotei. Unakutana na neno gumu, unaruka, na hadithi inakushika mkono upande wa pili. Kuna waandishi ambao ukiruka neno moja umeanguka shimoni.

Kitabu changu cha kwanza kwa mapenzi, hata hivyo, ni kidogo kuliko hivyo vyote. Ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka wa 1951, wakati Tanganyika ilikuwa ingali chini ya Waingereza. Wenzangu wengi hukikimbia wakisema ni cha kizamani. Ni kweli sentensi zake zinatembea kama mzee aliyevaa kanzu, hazikimbii. Lakini sikilizeni mambo yenyewe. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme Jeta, eti kwa sababu ameanza kufundisha watu mambo ya sheria. Maisha yake yako hatarini. Wanaomsikiliza si rafiki zake. Afanye nini? Angeweza kulia. Angeweza kutukana, na msomaji angefurahi sana, lakini kesi ingeishia hapo. Yeye anaomba kujieleza, na anajieleza kwa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja, mmoja tu, aliyetumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi na akarudi kuadhibiwa: mmoja alikwenda Mashariki, mwingine Magharibi, mwingine Kaskazini, mwingine Kusini, mwingine mbinguni, mwingine ardhini.

Mara ya kwanza niliona mpango huu unachosha. Mara ya pili nikaona ujanja wake. Karama hawapi wasikilizaji nafasi ya kusema hawakuelewa. Hachanganyi mjumbe wa leo na wa kesho. Hata majina ya watu yanasema tabia zao, huwezi kusahau Majivuno ni nani. Siku ya tatu msikilizaji ameshaanza kuona mwenyewe kwamba nchi hii ina desturi ya kuwaadhibu wanaoitakia mema, na Karama hajalazimika kumtukana mtu. Na mwisho anaachiliwa. Wasomi wengi huona kwamba Shaaban Robert naye alifanya vivyo hivyo, yaani alisema ya nchi yake chini ya wakoloni kwa kuiweka nchi ya kubuni angani. Kwa hivyo si kweli kwamba kusema kwa kueleweka ni kusema kila kitu waziwazi. Mfano unaweza kuwa wazi kuliko tusi, mradi umepangwa.

Linganisheni na insha zetu. Mwizi ameingia nyumbani, lakini kabla hajaingia lazima turauke alfajiri na mapema, tuchupe kutoka kitandani, ndege watumbuize mitini, tupige mswaki meno yawe meupe pe pe pe, tuvae nguo zilizonyoshwa zikanyoshwa, kisha ndipo "ghafla bin vuu!" Mwizi wa watu amesimama mlangoni kurasa mbili akisubiri. Insha ikiisha mwalimu hajui kilichoibwa ni nini. Sisemi mapambo ni mabaya, mimi mwenyewe nina daftari zima la methali. Nasema yawe na kazi. Cha ajabu ni kwamba mtihani wenyewe unatuambia hivyo hivyo: katika karatasi ya pili ya KCSE muhtasari una alama 15, na alama hizo hutolewa kwa kutoa hoja bila kupoteza maana. Halafu tunaandika insha kana kwamba karatasi hizo mbili hazijawahi kuonana.

Wengine watasema ubaya wote umeletwa na Sheng. Hapo nakataa. Makanga akisema "finje" mimi natoa shilingi 50 bila kuuliza, na akisema "soo" natoa mia. Kati yetu hakuna utata wowote. Taabu ni pale anapomwambia nyanya aliyetoka kijijini "finje", naye anashuka akidhani ametukanwa. Na lile tangazo la afisi halikuwa na Sheng hata nukta moja. Lilikuwa Kiswahili sanifu chenye mhuri.

Kuhusu vitabu nilivyovitaja: Siku Njema ziko nakala nne katika kabati la chama. Mzimu wa Watu wa Kale haimo, ile niliyosoma niliazimwa na jirani. Kusadikika ni nakala moja, jalada lilishatoka na mtu amechora masharubu katika ukurasa wa kwanza, lakini ndani kurasa zote zipo, nimezihesabu. Mwenye kuitaka aje siku yoyote ya Jumatano tunapokutana, darasa la kidato cha tatu lililo karibu na tangi la maji, saa kumi. Saa kumi ya jioni, wakati jua limeanza kuelekea Mlima Elgon.