Vyombo Vidogo vya Umeme: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu wapo vijana wengi ambao hawatosheki kutumia chombo tu. Wataka kukifungua wajue kinavyofanya kazi. Hamu hiyo ni njema, wala si ngeni katika Buha, maana wahunzi wa nchi hii walifua majembe ya chuma tangu zamani za mababu. Lakini fedha ni chache, na vyombo vya sokoni ni vingi, vingine vya kweli na vingine vya udanganyifu. Kijana akiuza debe la maharage akanunua betri isiyodumu hata usiku mmoja, hasara yake si fedha peke yake. Wazazi wake humwambia kwamba ufundi ni upuuzi, naye huuacha. Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na viongozi wa vijiji, habari za vyombo vichache vya bei nafuu, uzuri na ubaya wa kila kimoja, na utaratibu unaofaa wa kuvinunua.

Mita ya mafundi. Chombo cha kwanza kununua si taa wala redio, bali ni mita ndogo ya mkononi ambayo mafundi wa redio na simu hupimia umeme. Si ile mita ya LUKU iliyo ukutani. Hii yaenea kiganjani, ina kioo cha tarakimu, kitasa cha kuzungusha, na nyaya mbili. Waya mweusi huchomekwa katika tundu lililoandikwa COM, na mwekundu katika tundu lenye alama ya V. Kitasa kikielekezwa kwenye V yenye mstari ulionyoka, mita hupima umeme wa betri na wa paneli ya jua. Kikielekezwa kwenye V yenye alama ya wimbi, hupima umeme unaogeuka-geuka, kama ule wa dainamo.

Tumeijaribu mita ya bei ya chini kabisa, nayo yafaa sana kwa kazi ndogo. Kasoro zake ni tatu. Kwanza, betri yake ya ndani ikichoka, mita husema uongo; basi mara kwa mara ipimeni kwa betri kavu mpya ya redio, ambayo yapasa kuonyesha volti 1.5 au 1.6. Pili, ina tundu jingine lililoandikwa 10A, la kupimia ampia. Mtu akisahau waya mwekundu humo, kisha akagusa vichwa viwili vya betri kubwa, cheche huruka na nyaya huungua. Tatu, haina kinga ya kutosha. Kwa hiyo isitumiwe kamwe kupima umeme wa nyumbani wa volti 230, ambao huua.

Betri. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha, na hapa ndipo mita inapolipa bei yake. Betri za mviringo za lithiamu, zinazotiwa katika tochi na taa za jua, zina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zikijaa huonyesha volti 4.2, zikishuka chini ya volti 3 hazifai kuendelea kutumiwa mpaka zijazwe tena. Juu ya ganda huandikwa kiasi cha umeme zinachobeba, kwa alama ya mAh. Zilizo nzuri hubeba kwa kawaida kati ya 2,000 na 3,500, na uzito wake ni karibu gramu 45. Ukiona imeandikwa 9,900, nayo ni nyepesi mkononi, jua umeandikiwa uongo.

Kuuhakikisha uongo huo ni hesabu ya darasani. Ikiwa taa hula ampia 0.2, yaani mA 200, betri ya 2,000 yapasa kuiwasha kwa muda wa saa 10 hivi, na betri ya 9,900 yapasa kuiwasha kwa saa 49. Basi jazeni betri, washeni taa, mwandike saa ya kuwasha na saa ya kuzimika. Ikizimika baada ya saa 4, betri ilibeba karibu 800 tu, hata ganda likisema nini. Mwenye maandishi ya namna hii aweza kurudi dukani akazungumza kwa ushahidi, si kwa ugomvi.

Betri kubwa ya risasi ya volti 12 nayo ina siri yake. Ikipumzika kwa saa chache, volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, volti 12.2 ni karibu nusu. Lakini betri mbovu pia huweza kuonyesha 12.6 ikiwa haina kazi. Basi iungeni na taa huku mkitazama mita. Hesabu ikianguka mara moja kwa volti moja au mbili, msiinunue. Msizipasue betri za namna yoyote: za lithiamu huwaka moto, na za risasi zina asidi na sumu.

Paneli ya jua. Paneli iitwayo ya volti 12, ikielekezwa kwenye jua la mchana bila kuungwa na kitu, huonyesha kati ya volti 18 na 22. Hilo si kosa. Udanganyifu hukaa katika wati. Jua kali la mchana huleta karibu wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba, na paneli za kawaida hugeuza sehemu 15 hadi 20 tu katika kila 100 kuwa umeme. Kwa hesabu hiyo, paneli yenye ukubwa wa daftari dogo la shule haiwezi kupita wati 5 au 6, ijapokuwa kibandiko chasema 20. Chukueni rula kabla ya kutoa fedha. Tena angalieni isifunikwe na kivuli, maana hata kivuli cha jani moja la mgomba hupunguza umeme mwingi.

Chuma cha kulehemu. Hiki hugharimu kidogo, nacho hufungua mlango wa vifaa vya bure. Redio mbovu ina ndani yake dayodi, kapasita na nyaya ambazo bado ni nzima. Fundi huzitoa kwa chuma hicho na kuzitumia tena. Kazi hiyo ifanywe penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu lehemu nyingi zina risasi.

Dainamo ya baiskeli. Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, nayo yatosha kujaza simu polepole. Bernard Kiwia wa Arusha, aliyekuwa fundi wa baiskeli, alitengeneza chaja ya simu ya namna hii, na baadaye alishiriki kuanzisha karakana ya Twende, ambamo watu hufundishwa kubuni zana zao wenyewe. Lakini simu isiungwe moja kwa moja na dainamo. Umeme wake hugeuka-geuka, na mwendo ukizidi volti hupanda sana. Zahitajika dayodi nne za kuunyosha, kapasita ya kuutuliza, na kidhibiti cha kuushikilia katika volti 5. Pimeni kwa mita kwanza. Simu iungwe mwisho.

Vibao vya kompyuta. Vipo pia vibao vidogo vinavyopokea amri za mtu na kuzitimiza. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na kwa kuwa michoro yake iko wazi kwa wote, nakala zake za bei ndogo ni nyingi. Micro:bit iligawiwa watoto wa shule wa Uingereza mwaka 2016. Ina taa ndogo 25, vitufe viwili na kipimajoto. Raspberry Pi Pico ilitolewa mwaka 2021 kwa dola 4 za Marekani. Kwa kibao cha namna hii wanafunzi waweza kuandika joto la ghala la mahindi usiku na mchana. Kwa anayeanza twaiona micro:bit kuwa bora, kwa sababu yaweza kupewa amri hata kwa simu. Hata hivyo, si ya mtu mmoja kununua; ni ya shule, tena shule yenye mwalimu apendaye kujifunza pamoja na watoto.

Kwa habari ya kusoma, iko programu ya bure iitwayo Kiwix. Mtu akiwa mahali penye intaneti huitumia kupakua Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, kisha huisoma kijijini pasipo mtandao.

Basi utaratibu wetu ni huu: kwanza mita, kisha betri na paneli zilizopimwa, kisha chuma cha kulehemu, kisha dainamo, na kibao mwisho wa yote. Mita moja ikiwekwa katika ofisi ya kijiji au shuleni, ikaazimwa kwa daftari, yaweza kuwalinda wanunuzi wa kijiji kizima. Twawasihi walimu na wazee waanze na hiyo msimu huu wa mavuno, kabla fedha za maharage hazijaisha.