Je, Wajua? Kibao cha Mchoraji Huweza Kulidanganya Jicho

Mtu akiingia dukani kutafuta vifaa vya kuchorea, macho hukimbilia rangi na brashi. Kibao cha kuchanganyia rangi, au paleti kama wachoraji wengi wanavyokiita, hukumbukwa pale kaunta wakati wa kulipa. Huchukuliwa chochote kilicho rahisi, basi. Ukisoma haya huenda ukarudi kwenye rafu.

Je, wajua kuwa vyombo vya kuchanganyia rangi ni vya kale kuliko picha za mapangoni zinazosifiwa Ulaya? Katika pango la Blombos, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, watafiti walikuta magamba mawili ya konokono wakubwa wa baharini yakiwa na mabaki ya ngeu iliyosagwa na kuchanganywa na mifupa iliyopondwa na makaa. Mawe ya kusagia yalikuwa hapo hapo. Umri wake ni kama miaka 100,000, na habari zake zilichapishwa mwaka 2011. Gamba si chombo cha kudharau: halinyonyi rangi, ndani ni laini, na limebonyea kiasi cha kutosha kushika kimiminika. Maelfu ya miaka baadaye, wachoraji wa Ulaya wa zama za kati walikuwa bado wanatia rangi zao katika magamba ya kome.

Je, wajua kuwa zamani kibao chenyewe kilikuwa kidogo mno? Catharina van Hemessen alijichora mwaka 1548, akiwa na umri wa miaka 20, ameketi mbele ya kazi yake. Kibao alichoshika hakizidi sana kiganja, na juu yake kuna vidonge vichache tu vya rangi. Sababu ilikuwa ya kazi. Rangi ilisagwa kwa mkono juu ya jiwe, ikachanganywa na mafuta, na iliyobaki ilifungwa ndani ya kibofu cha nguruwe ambacho hakikukawia kuvuja. Mchoraji aliandaa rangi za sehemu aliyokusudia siku hiyo: leo uso, kesho vazi. Kisha mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, naye mchoraji, akasajili uvumbuzi wa kichupa cha bati cha kubinya. Sasa rangi zote ziliweza kupangwa kwa mara moja, zikabaki mbichi hadi zitakapohitajika, na mchoraji akaweza kuzibeba mpaka shambani. Vibao vipana vinavyokumbatia mkono mzima vinaeleweka zaidi ukijua hilo.

Lakini jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni rangi ya kibao chenyewe. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, panapofumwa mapazia ya ukutani yenye picha. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia. Chevreul akazichunguza, akakuta nyeusi haina kasoro. Ubaya ulitoka kwa jirani: nyuzi hizo zilipofumwa kando ya buluu na zambarau, jicho liliziona zimechuja. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. (Aliishi hadi miaka 102, kwa hiyo aliwahi kuona wachoraji wa vizazi kadhaa wakiutumia utafiti wake.)

Jaribu mwenyewe. Changanya kijivu kimoja cha wastani. Weka tone lake juu ya karatasi nyeupe, na jingine juu ya ubao wa kahawia uliokolea. Kwenye karatasi litaonekana zito, karibu na giza. Kwenye ubao litaonekana jepesi, hata lina mng'ao. Tone ni lile lile. Sasa mfikirie mtu anayechanganya rangi kwenye mbao ya mahogani halafu anaipaka kwenye kanvasi nyeupe. Kila anachokiona kibaoni kinabadilika kikifika kwenye picha, naye anabaki kulaumu rangi za bei rahisi. Mafundi wengi wa zamani hawakupata shida hiyo kwa sababu kanvasi zao zenyewe zilitangulizwa kupakwa kahawia au kijivu. Kibao cha mbao na sehemu ya kuchorea vilielewana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kuchagua: kibao kifanane na unapochorea. Anayetumia kioo ana nafuu kubwa, maana anaweza kuingiza chini yake karatasi nyeupe leo na ya kijivu kesho. Rangi ya mafuta ikikauka juu ya kioo, hukwanguliwa kwa wembe kisafi.

Ujanja huo huo wa jicho ndio uliomsaidia Anders Zorn wa Sweden (1860–1920). Anajulikana kwa kibao cha rangi nne: manjano ya udongo, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Buluu haimo. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu, na kijivu hicho kikizungukwa na nyekundu na manjano, mtazamaji huapa kwamba ameona buluu. Anayeanza kujifunza angefanya vyema kuanza na rangi hizo nne kabla ya kujaza kibao kwa rangi ishirini asizozimudu.

Je, wajua kuwa rangi ya maji huikataa plastiki mpya? Maji hujikunja kuwa matone juu ya sehemu inayoteleza, rangi ikakimbilia pembeni badala ya kutulia pamoja, na mchoraji hawezi kujua imekolea kiasi gani. Dawa yake ni kuisugua plastiki taratibu kwa dawa ya meno au unga wa kusugulia masufuria hadi ule utelezi upungue. Kauri haina tatizo kubwa la aina hiyo, wala haishiki madoa, ila ikianguka ndiyo mwisho wake. Na ile sahani nyeupe ya bati tuliyolia ugali utotoni? Inafaa kabisa, ikiwa haijabanduka. Ukishaitia rangi, isirudi tena jikoni. Baadhi ya rangi zina madini ya sumu.

Kibao cha mbao, kwa upande wake, kina kiu. Kikiwa kipya hufyonza mafuta yaliyomo ndani ya rangi na kuiacha kavu, inakwaruza chini ya brashi. Kwa hiyo hupakwa mafuta ya mbegu za kitani kwa kitambaa, kikaachwa kikauke, kikapakwa tena, mara kadhaa, mpaka kisifyonze zaidi. Matambara yenye mafuta hayo usiyakunjekunje na kuyatupa pipani: huzalisha joto yakikauka, na huweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Ukinunua cha kushika mkononi, kishike kwanza kama nusu saa hivi, muuzaji akikuruhusu. Uzito hujileta polepole kwenye kifundo cha mkono. Tundu la kidole gumba limechongwa kwa mshazari kufuata mkono mmoja, kwa hiyo anayechora kwa mkono wa kushoto aulizie chake.

Na wapo wasiohitaji kibao kabisa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kung'aa inayouzwa kwenye makopo, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Rangi nyepesi namna hiyo ungeitia kwenye ubao bapa ingekufikia miguuni. Kopo ndilo chombo chake.

Akriliki ina tabia nyingine: hukauka maji yanapotoka, na ikishakauka hairudi. Katika joto la pwani, dakika chache zinatosha kuigeuza ngozi ya plastiki. Wachoraji huweka sponji iliyoloweshwa ndani ya kontena lenye mfuniko, wakatandika juu yake karatasi ya kuokea, rangi ikakaa juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda kidogo kidogo na rangi hubaki laini hata siku kadhaa. Sponji ikianza kunuka, ina kuvu. Ifue au uitupe.