Muziki Ulionaswa Jukwaani (Sehemu ya Pili): Queen Mjini Montreal

Juma lililopita tulizungumzia santuri ndogo za benga ya Ukambani zilizorekodiwa studioni Nairobi, wimbo mmoja kila upande. Leo tutazame rekodi inayonaswa jukwaani, mbele ya watu, ambapo kosa likishatoka halirudi.

Mfano wangu ni Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara; familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya mapinduzi. Mwaka 1981 bendi hiyo ilizuru Amerika ya Kusini na Mexico. Ziara ilianza kwa shangwe, ikaandamwa na mikosi. Mnamo Septemba, wakiwa Caracas, Rais mstaafu Rómulo Betancourt alifariki dunia. Venezuela ikaomboleza na maonyesho yaliyosalia yakafutwa. Huko Puebla, Mexico, walirushiwa viatu na betri jukwaani.

Baada ya masaibu hayo, tarehe 24 na 25 Novemba, walipiga muziki Montreal, Kanada, huku wakirekodiwa kwa ajili ya filamu. Huko nako wakakosana na mwongozaji wa filamu hiyo, Saul Swimmer. Kwa masikio yangu, ghadhabu hiyo iliwafaa. Gita la Brian May lina makali, nyimbo zinakimbia, na Mercury anaimba kama mtu anayedai haki yake. Walipiga hata "Under Pressure", wimbo waliouimba na David Bowie na uliokuwa umetoka mwezi uliotangulia. Bowie hakuwepo, wakaumudu wenyewe.

Sauti zilinaswa kwenye mkanda wenye njia 24. Ngoma zilikuwa na njia zake, besi yake, mwimbaji yake. Kwa hiyo fundi, hata miaka mingi baadaye, anaweza kuipandisha besi bila kumgusa mwimbaji. Ndivyo ilivyowezekana kusafisha kazi hiyo na kuitoa mwaka 2007 kwa jina *Queen Rock Montreal*. Redio ya kaseti iliyowekwa mezani kwenye dansi haina uwezo huo: ngoma ikimmeza mwimbaji, amemezwa moja kwa moja.

Hata hivyo kaseti ya namna hiyo ni mali. Mwanabenga wa Ukambani Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, tunao kwenye santuri, lakini santuri haitwambii wimbo ulirefushwa vipi watu walipokataa kuketi, wala mwimbaji alimtaja nani aliyekuwa ukumbini. Msomaji wa Machakos, kama kuna kaseti ya dansi nyumbani kwa mzee wako, iondoe juani na penye unyevu. Muulize ni bendi gani, ukumbi gani, mwaka gani, uandike kwenye jalada. Kisha mtafute fundi aihamishie kwenye kompyuta mapema, maana utepe ukishaoza hakuna wa kuufufua.